Nyumba Iliyochemsha Maji

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu, na haikuruka hatua hata moja ya utaratibu. Juu iliandikwa cheo cha mwandishi, mpimaji wa maji, kituo cha kusafishia maji ya mji. Chini palikuwa na sahihi. Katikati, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kujaza visanduku, ilieleza kwamba kwa wiki tatu dawa ya kuua vijidudu haikuwa ikitiwa kwenye maji yanayokwenda mabombani; kwamba mapipa manne ya dawa yalishushwa kwenye lori na yote yakapakiwa tena kwenye gari dogo la mtunza stoo; na kwamba daftari rasmi la vipimo lilijazwa namba nzuri kabla maji yenyewe hayajapimwa. Mwishoni aliomba wahusika wachukue hatua, kwa heshima na taadhima.

Kanuni za kazi, zilizobandikwa ukutani karibu na choo cha wanaume, zilisema mlalamikaji aambatanishe ushahidi. Mpimaji aliambatanisha. Alikuwa na kidaftari chake cha mfukoni ambamo mara tatu kwa siku aliandika alichokiona kwa macho yake: anatia kidonge kwenye kichupa cha maji, anatikisa, na maji yanageuka rangi ya waridi kama dawa imo, au yanabaki meupe kama haimo. Wiki tatu za meupe zilikuwa mle. Alikibana kidaftari chenyewe nyuma ya barua, akampelekea karani wa masijala, akatia sahihi kwenye kitabu cha kupokelea, akarudi kuosha vichupa. Nakala hakutoa. Mtu mwingine angetoa tatu na moja angeificha chini ya godoro, lakini huyu alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu haukutaja nakala.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha kwa sababu ya wasichana wake wawili waliofanana hadi makovu ya magotini, alisikiliza habari hiyo jioni huku akimenya viazi.

"Umempa nani?"

"Masijala. Kutoka hapo inakwenda kwa meneja na kwa afisa utumishi."

"Na kama meneja naye yumo?"

"Ndiyo maana nimeandika wahusika. Sikumtaja mtu."

Mama Pacha aliendelea kumenya. Sufuria kubwa ilikuwa jikoni ikitokota, kama ilivyotokota kila jioni tangu siku ile mume wake alipoingia na kusema, bila hata kuvua viatu, kwamba watoto wasinywe tena maji ya bomba mpaka yachemshwe. "Baba watoto," akasema, "nyumba hii ni ya nani?"

"Ya idara. Si unajua?"

"Najua. Nilitaka kuhakikisha kama na wewe unajua." Akatupa ganda kwenye ndoo. "Haya, barua imeshakwenda. Sasa naweza kumwambia Bibi Fundi? Ana mtoto mdogo mle ndani."

Mpimaji alikuna kidevu. "Subiri kwanza. Jambo likitoka nje kabla ndani hawajalishughulikia, nitaitwa mchochezi. Wape wiki moja."

Mama Pacha akaenda kufunga dirisha la jiko, mvuke usionekane.

* * *

Aliitwa siku ya tisa. Meneja kazini alijulikana kwa jina la Asante Sana, kwa kuwa hakuna jambo alilolitenda bila kushukuru. Alimshukuru mfagizi kwa kufagia, akamshukuru aliyemfukuza kwa kukubali kufukuzwa. Mezani kwake siku hiyo walikuwa watatu: yeye, afisa utumishi, ambaye ni mama mmoja wa miwani asiyependa kuangalia watu usoni, na mtunza stoo, mtu wa mapipa manne, amekaa amekunja nne na kikombe cha chai mkononi. Kiti cha nne hakikuwepo. Mpimaji alisimama karibu na kabati la mafaili kama mtoto aliyeletwa na mwalimu wa zamu.

"Asante sana kwa barua," meneja alisema. "Watu kama wewe ndio uti wa mgongo wa kituo hiki. Wangapi wanaona jambo wakajifanya hamnazo? Wengi. Wewe umesema, tena umesema ndani, kwa utaratibu. Umemwambia mtu wa nje?"

"Hapana, mzee."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Mpimaji alilijibu hilo kwa fahari kidogo, maskini, akidhani anajitetea. Kilemba cha ukoka kilikuwa kimeshamkaa kichwani, na hakujua kwamba jibu hilo ndilo pekee walilomwitia.

"Vizuri. Sasa tupime, hapa hapa, sote tuone."

Maji yalikingwa kwenye bomba la ukumbini. Mpimaji alitoa kidonge, akakitia, akatikisa. Hata kabla hajaacha kutikisa aliona yanakotaka kwenda. Maji yaligeuka waridi, yakapita waridi, yakawa mekundu kama soda ya watoto. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba asubuhi alipopita karibu na tangi macho yalimwasha, na kwamba ndoo mbili zilikuwa zimeinamishwa pale zikikauka.

"Leo yametiwa," alisema. "Yametiwa kwa ndoo. Naomba mwangalie kidaftari changu, siku zote zimo."

"Kidaftari gani?"

Afisa utumishi alifungua faili. Barua ilikuwemo. Kibanio kilikuwemo, kimebana barua peke yake. Karani wa masijala aliitwa, akaja na kitabu cha kupokelea, akasoma kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufanya mazoezi: barua moja. Na pembeni, sahihi ya mpimaji mwenyewe, imetulia.

Mtunza stoo alikunywa chai.

Baada ya hapo mambo hayakuchukua muda. Kulikuwa na njia mbili, meneja alieleza, na zote zilikuwa wazi kwake. Ya kwanza ni kushtakiwa kwa kumpaka mwenzake matope, kazi ikaishia hapo, na nyumba ya idara ikarudishwa ndani ya siku saba. Ya pili ni karatasi hii ndogo. Mpimaji aliisoma mara mbili. Ilisema kwamba yeye, kwa uchovu, alikosea katika kupima. Kwamba anamwomba radhi mtunza stoo. Na kwamba hatazungumzia mambo ya kituo na mtu yeyote wa nje. Aliwafikiria wasichana wake wakilala kwenye sebule ya kaka yake, magodoro chini, shemeji akipita juu yao na uso umenuna. Akapapasa mfuko, akakuta kalamu ameisahau. Mtunza stoo akamwazima yake.

"Asante sana," meneja alisema. "Na ili tuondoe maneno, kuanzia leo daftari rasmi utalijaza wewe mwenyewe. Namba unazijua."

Alizijua. Asubuhi iliyofuata maji yalibaki meupe kwenye kichupa, naye akaandika namba ya waridi. Kalamu ilisita kwenye tarakimu ya kwanza. Wiki ya pili haikusita, na hilo lilimtia aibu kuliko lile la kwanza.

* * *

Nyumba ya pili kutoka kwao alikaa fundi cherehani, mjane wa makamo, mcheshi, mdomo wake haukosi pini tatu hata anapozungumza. Wote walimwita Bibi Fundi. Alikuwa akilea mjukuu wa miaka mitano, msichana aliyeng'oka meno mawili ya mbele akapewa jina la Kijino, kana kwamba ndiyo mali iliyobaki. Jumamosi moja saa nne walikuja wote wawili kuleta sare za shule za pacha.

"Mwanangu," Bibi Fundi alisema kabla hajakaa, "joto hili na madirisha ya jiko umeyafunga. Unapika siri?"

"Vumbi, mama," Mama Pacha alisema.

"Vumbi limeniogopa mimi basi, kwangu haliingii." Akacheka, akazitoa pini mdomoni. "Na gesi je? Mwezi huu nimewaona mmebeba mtungi mara mbili. Mie na jiko langu dogo la sufuria moja, mtungi unakaa mpaka nausahau."

Kijino aliomba maji. Mama Pacha alimpa kwenye glasi, kutoka kwenye jagi lililofunikwa kitambaa, akasimama juu yake mpaka akamaliza. Mtoto akauliza kwa nini maji yao hayana baridi. Mama Pacha akarudisha kitambaa juu ya jagi.

Mpimaji alitoka chumbani akasalimia. Bibi Fundi akamgeukia, safari hii bila kicheko.

"Baba Pacha, umekuja vizuri. Nakuuliza wewe maana wewe ndiye mwenye maji. Pale kwa kinyozi wanasema maji ya siku hizi yana kasoro, watoto wanaumwa matumbo. Mimi maneno ya vijiweni siyabebi. Niambie tu, ni mazima?"

Dirishani alikuwa akionekana shemeji wa mtunza stoo, nyumba ya tano, akiosha gari. Ndiko macho ya mpimaji yalikokwenda kwanza. Kisha yakaenda kwa mkewe, na mkewe akatazama kitambaa cha jagi.

"Mazima, mama," alisema.

"Basi yameisha. Wengine waseme watakavyo."

Akawapimisha pacha sare, akakunja pindo lililozidi, akaondoka akimshika Kijino mkono. Mama Pacha alijiambia kwamba si yeye aliyesema uongo. Yeye alinyamaza tu. Mumewe alijiambia kwamba amefungwa na sahihi. Kila mmoja alikuwa na udhuru wake na kila mmoja aliuona wa mwenzake kuwa mwepesi.

* * *

Wiki ya kumi tangu maji yaanze kubaki meupe, Kijino alilazwa. Hakuwa peke yake. Wodi ya watoto ilikuwa na wawili kila kitanda, na wauguzi walikuwa wakipita na ndoo. Mama Pacha alikwenda kumwona saa za kutazama wagonjwa. Alimkuta Bibi Fundi ameketi ukingoni mwa kitanda, mdomo hauna pini hata moja, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

"Sijui kala nini, mwanangu. Namwoshea kila kitu. Matunda naosha, sahani naosha, mikono namwosha mpaka analia. Nesi kasema nimpe maji mengi, yanamtoka sana. Basi nimejaza dumu zima nyumbani, si unaona, namnywesha kila saa."

Dumu lilikuwa chini ya kitanda, la lita tano, limebaki nusu.

Mama Pacha alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, lilikuwa moja tu, fupi. Lakini neno hilo lingefuatwa na swali, na swali lingefuatwa na lingine, mpaka lifike kwenye jagi lenye kitambaa.

"Mpe ya uvuguvugu, mama," alisema. "Yapashe kidogo. Kwa tumbo ndiyo mazuri."

"Eeh, nitayapasha kidogo. Asante, mwanangu. Wewe una moyo."

Mama Pacha alitoka wodini akitazama chini. Kwenye ngazi alikaa, akajifanya anafunga kiatu. Kiatu chenyewe hakikuwa cha kamba.

Nyumbani alimkuta mumewe anakula. "Nenda ukaseme," alimwambia.

"Nilisema."

"Ulisema ndani. Nenda ukaseme nje."

"Nikisema nje hatuna nyumba. Na nani ataniamini? Daftari limejaa mwandiko wangu."

"Yule mtoto ananyweshwa dumu zima."

Mpimaji alisukuma sahani. Alitaka kumkumbusha kwamba naye alikuwapo sebuleni siku ile, kwamba naye ana mdomo, lakini aliona uso wake umemshuka na akajua kwamba hilo amekwisha kujiambia njia nzima.

* * *

Mkutano ulifanyika Jumapili saa tatu asubuhi kwenye ukumbi wa shule, maana watu walitishia kwenda kuvunja lango la kituo. Meneja alikuja na suti. Aliwashukuru kwa kufika, akawashukuru kwa hasira zao, ambazo alisema anazielewa kama mzazi. Kisha akainua daftari rasmi.

"Sitaki mniamini mimi. Aliyeandika humu mnamjua, ni jirani yenu. Mara tatu kwa siku, mwezi mzima, hakuna hata siku moja yenye kasoro. Mpimaji, simama wakuone."

Mpimaji alisimama. Minong'ono ikapita ukumbini, mingine ya kuguna. Ndipo Bibi Fundi aliponyanyuka kutoka safu ya tatu. Alikuwa ametoka wodini, khanga imekunjamana, amemwacha Kijino na jirani wa kitanda.

"Naomba nimsemee huyu baba," alisema. "Msimgunie. Mimi nilimwuliza kwa mdomo wangu, nyumbani kwake, akaniambia maji ni mazima. Alipokufa mume wangu ni yeye aliyeshika jeneza mbele. Mtu huyu hawezi kunitazama usoni akanidanganya. Tutafute ugonjwa umetoka wapi, lakini yeye mwacheni."

Wawili watatu walipiga makofi. Meneja akapiga pia, akatikisa kichwa kwa kuguswa.

Mpimaji alikuwa amejiandaa kutukanwa. Kutukanwa angekuvumilia, angejikaza, angekwenda nyumbani. Kwa hili la kutetewa hakujiandaa. Alihisi kama nguo zimemdondoka mbele ya watu.

"Nilikudanganya, mama," alisema.

Ukumbi haukusikia vizuri. Ilibidi arudie, na kurudia kulikuwa kugumu kuliko kusema. "Nilimdanganya. Maji hayana dawa, zaidi ya miezi miwili sasa. Niliandika barua ndani. Daftari hilo nimelijaza mimi, na ni uongo."

Meneja hakukasirika. Alitoa karatasi kwenye bahasha, akavaa miwani, akaisoma polepole: kwamba yeye, kwa uchovu, alikosea katika kupima; kwamba anamwomba radhi mwenzake. "Na hii, ndugu yangu? Sahihi si yako?"

"Yangu."

"Na daftari ni lako. Na sasa unasema ni uongo." Meneja akawageukia watu, akapanua mikono. "Jamani, mwenzetu ana matatizo. Tutamsaidia."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kila karatasi ni ya kwake, tuchague ipi?" Watu wakacheka, kicheko kile kisicho na furaha. Mpimaji alisimama katikati yao mikono mitupu. Ushahidi wake aliutoa mwenyewe, kwa hiari, akaubana vizuri kwa kibanio. Kama mkutano ungefungwa dakika ile, jambo lingekwisha, yeye angekuwa kichaa na maji yangeendelea kutoka.

Bibi Fundi alikuwa bado amesimama.

"Nina swali moja," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, watu wakanyamaza ili waisikie. "Wanao. Miezi hiyo yote, walikuwa wanakunywa nini?"

Alijua jibu. Kila mtu pale aliyewahi kupita nyuma ya ile nyumba, akaona madirisha yamefungwa na vioo vinatoka jasho, alianza kulijua muda ule ule. Mama Pacha, aliyekaa na pacha wake kila upande, aliwavuta karibu.

"Tulikuwa tunachemsha," mpimaji alisema.

Hapo wakamwamini. Hakuna aliyeuliza karatasi tena. Meneja alianza sentensi ya shukrani na hakuna aliyemwachia aimalize; watu walikuwa wamesimama, viti vinaanguka. Lakini wengi wao hawakuwa wakimtazama meneja. Walikuwa wakimtazama mpimaji, na mmoja, fundi bomba aliyekuwa na mtoto wodini, alimpita karibu akatema mate sakafuni, si juu yake, pembeni tu, kwa adabu.

* * *

Dawa ilianza kutiwa Jumatatu. Asante Sana alihamishiwa kituo kingine, kikubwa zaidi. Mtunza stoo alikwenda likizo. Mpimaji alipewa barua ya nusu ukurasa kwa kosa la kutoa siri za kazi na kughushi daftari rasmi, na siku saba za kuhama. La kughushi alilikubali bila kukata rufaa.

Siku ya tano, mabegi yakiwa yamefungwa, Mama Pacha alikwenda kwa Bibi Fundi. Kijino alikuwa ameruhusiwa. Alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na cherehani, miguu imekonda, macho makubwa, anacheza na kipande cha kitambaa. Mama Pacha alisimama mlangoni. Alikuwa amepanga maneno njia nzima ya hatua arobaini, na alipofika hakuyaona.

"Nimekuja kuaga," alisema. "Na kuomba radhi. Yeye alikuwa amefungwa na kazi, mama. Angetufukuzisha."

Bibi Fundi alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Mumeo simsemi," alisema. "Mumeo alikuwa na bosi na makaratasi. Wewe uliweka sahihi wapi?"

Mama Pacha aliitazama miguu ya Kijino.

"Ungeninong'oneza tu, mwanangu. Siku moja, pale tunapoanika nguo. Ungeniambia, mama, chemsha maji, usiniulize kwa nini. Ningechemsha. Na mdomo ningeufunga, mngebaki na nyumba yenu. Siri zako ngapi ninazo mimi humu?"

Ilikuwa kweli, na Mama Pacha alikuwa akiijua siku zote, kila alipokwenda kufunga dirisha. Hakuwahi kuogopa kwamba Bibi Fundi atasema. Siku ya kwanza alinyamaza kwa sababu mumewe alimwambia asubiri. Siku ya kumi alinyamaza kwa sababu alikuwa amekwisha kunyamaza siku tisa, na hakujua angezielezaje.

Bibi Fundi alirudisha pini mdomoni, akazungusha gurudumu, akashona pindo hadi mwisho. Mama Pacha aliendelea kusimama pale mlangoni, maana hakuambiwa akae, wala hakuambiwa aende.